Mama Ngina: Baraza Isiyo na Mwenyewe

Muulize Mmvita yeyote aliyeishi ugenini, awe Maskati, awe Dubai, awe London, ni kitu gani cha kwao anachokikumbuka mbele ya vyote. Ni wachache watakaokutajia Ngome au zile pembe za ndovu za barabarani, ingawa hizo ndizo zipigwazo picha na wageni. Wengi watakwambia: jioni ya Jumapili, upepo wa bahari, muhogo wa kuchoma uliopasuliwa katikati ukatiwa ndimu na pilipili, na meli inaingia Kilindini taratibu, karibu hata ukadhani ukimwita baharia atakuitika. Basi mtu huyo amekwisha kukutajia Mama Ngina bila ya kuitaja.

Mimi ni mmoja wao. Nimezaliwa Kibokoni, nikakulia huko katika miaka ya 1970. Leo, msomaji mpenzi, naomba nikutembeze kwa miguu, kwa njia ile ile niliyokuwa nikipita nimeshikwa mkono na mamangu, kutoka Mji wa Kale mpaka ukutani baharini. Si safari ndefu. Lakini yako mambo niliyoyaacha ukutani pale nikiwa mtoto, na sikuyapata tena ila miaka arubaini baadaye.

TUKITOKA KIBOKONI

Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za mtaa, ilikuwa na baraza ya mawe mbele ya mlango. Baada ya salaa ya alasiri babu na wenziwe waliketi hapo. Muuza kahawa alipita na dele lake akigonganisha vikombe, wakanywa kahawa chungu, na mazungumzo yakaanza: bei ya papa aliyeshuka na majahazi, siasa za Nairobi, na shairi la Muyaka bin Haji ambalo kila mmoja alidai kuwa yeye ndiye alijuaye sawasawa. Baraza ilikuwa ndiyo gazeti letu na ndiyo mahakama yetu.

Lakini baraza ile ilikuwa ya wanaume. Mama zetu walikuwa upande wa ndani, na upepo wao ulikuwa ule uliopenya dirishani au uliopatikana darini usiku. Mitaa yetu ni ya njia nyembamba, nyumba zimekaribiana hata jirani kwa jirani hupashana habari bila ya kutoka. Ni mitaa mizuri, yenye kivuli na heshima zake, lakini haina nafasi ya mwanamke kuketi akanyosha miguu akatazama mbali.

Ndiyo sababu Jumapili ilikuwa siku kubwa kwetu. Mamangu akijitanda buibui lake, akitushika mimi na dada yangu mmoja kila mkono, tukatoka.

Kwanza tulipita Ngomeni. Siku hizi kila mtoto wa shule anajua kuwa Ngome hii ilianzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593, na mwaka 2011 Shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini kwa bibi yangu neno "Ngomeni" halikuwa na urithi wowote ndani yake. Kwake lilikuwa ni gereza tu, kwani kutoka 1895 mpaka 1958 Ngome ilitumiwa kufungia watu. Mpaka anafariki, akimkanya mtoto mtundu alikuwa akisema, "Wewe, mwisho wako ni Ngomeni."

Katika miaka ile, kutoka 1977 mpaka 1980, palikuwa na jambo jengine la kututia hamu. Mbele ya Ngome wazamiaji walikuwa wakishuka chini ya maji kuichimbua jahazi ya kivita ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama hapo mwaka 1697 wakati Ngome ilipokuwa imezingirwa na Waarabu wa Omani. Sisi watoto tulikaa ukingoni tukingoja watoke na dhahabu. Walitoka na vyungu, na mbao, na vitu vyenye kutu, tukaondoka tumenuna. Leo vitu vile vimo katika makumbusho ya Ngome, na mimi huvitazama kwa macho mengine kabisa.

Tukiiacha Ngome nyuma yetu tulifuata njia ya upande wa uwanja wa gofu. Hapo mji unafunguka ghafla. Nyumba zinakwisha, mbingu inakuwa kubwa, na harufu ya vichochoroni inaondoka inakuja harufu ya chumvi. Mamangu alikuwa na tabia moja: akifika hapo husimama, akavuta pumzi, akasema, "Alhamdulillahi." Kisha ndipo tukaendelea.

MILANGO MIWILI YA BAHARI

Jina la Mama Ngina ni la baada ya Uhuru, nalo ni jina la mkewe Rais wa kwanza, Mzee Jomo Kenyatta. Kabla ya hapo barabara hii ikiitwa Azania Drive. Lakini wazee wetu hawakulijali jina hili wala lile. Wao walisema "Laithausi," kwa ajili ya mnara wa taa ulioko Ras Serani, na mpaka leo ukimwambia mtu wa Mombasa "twende Laithausi" hakuulizi ni wapi.

Ukisimama karibu na mnara huo utafahamu kwa nini mji wetu uko pale ulipo. Meli ikitoka bahari kuu ikapita mwambani, inakuta milango miwili. Mlango mmoja unakwenda upande wa kaskazini, ukapita mbele ya Ngome mpaka Bandari ya Kale, na huo ndio mlango wa majahazi. Kwa karne nyingi majahazi ya Bara Arabu na ya Bara Hindi yaliingia kwa mlango huo na pepo za kaskazi, yakarejea kwao na kusi. Mlango wa pili unapita mbele ya Mama Ngina, kati ya kisiwa na Likoni, ukaingia Kilindini, na jina lenyewe linakwambia: ni mahali penye kilindi, maji ya kina. Huo ndio mlango wa meli kubwa.

Kila aliyetujia, mwema na mbaya, alitujia kupitia bahari ile unayoitazama ukiwa umekaa ukutani. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akaandika kuwa watu wa Mombasa ni watu wa dini, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Vasco da Gama akaja mwaka 1498, na wenyeji hawakumpokea kwa mikono miwili. Katika upande huu wa bahari Wareno waliacha vigofu vya ngome ndogo, ambavyo sisi watoto tulivifanya uwanja wa kuchezea vita.

Na kabla ya Wareno, na baada yao pia, kisiwa hiki kilikuwa na mji mwengine mbali na Mvita. Watu wa Kilindini walikuwa na mji wao upande wao, wakahamia Mvita katika karne ya kumi na tisa. Wao pamoja na Watangana na Wachangamwe ndio Thelatha Taifa, na wakijumlishwa na Tisa Taifa ndipo tunapopata Thenashara Taifa za Waswahili wa Mombasa. Kwa hivyo mwenye kudhani kuwa huku Mama Ngina palikuwa ni pori tu, penye mibuyu na nyasi mpaka serikali ilipokuja kutia lami, amekosea. Ni upande wa kisiwa wenye mizizi.

CHINI YA MIBUYU

Na mizizi hasa ni ya mibuyu. Mibuyu ya Mama Ngina imeota juu ya ukingo wa bahari kama wazee waliokuja kupunga upepo wakasahau kurudi. Mengine ina matumbo makubwa hata watoto wanne wakishikana mikono hawauzungushi. Mchana tulijificha nyuma yake. Magharibi ikikaribia hakuna aliyethubutu, kwani tulikwisha kuambiwa kuwa mbuyu una wenyewe, na asiyejua kusoma Ayatul Kursiy bora apite mbali. Nadhani uongo ule, kama ni uongo, ulikuwa na hekima yake. Ulituleta nyumbani kabla ya giza, na uliyahifadhi mibuyu yasikatwe.

Kila familia ilikuwa na pahala pake ukutani. Hapakuwa na hati wala alama, lakini ilijulikana. Sisi pahala petu palikuwa karibu na mbuyu mmoja uliokuwa na shimo kama mlango. Kando yetu walikaa Mabohora na vikapu vyao vya vyakula, na kando yao Mabaluchi, na mbele kidogo watu wa bara waliotoka kazini bandarini, na akina mama wa Kidigo waliovuka kwa feri. Anayekuja kwa gari aliliegesha akafungua milango, na kaseti ya Juma Bhalo ikasikika mpaka kwa asiyekuwa na gari. Ninapoandika haya Juma Bhalo mwenyewe yuko kaburini tangu 2014, Mungu amrehemu, lakini mimi sauti yake siisikii ila pamoja na sauti ya mawimbi.

Vyakula navyo vilikuwa na utaratibu wake. Dafu kwanza, muuzaji alilikata kwa panga, ukanywa, kisha akalipasua akakuchongea kijiko kutoka ganda lake ulie nyama yake. Kisha achari ya embe, au mabuyu yaliyotiwa sukari na rangi nyekundu ambayo ilikaa ulimini mpaka Jumatatu shuleni. Na mwisho muhogo.

Hapa ndipo mama zetu walipopata baraza yao. Walikaa ukutani, mabuibui yanapepea, miguu inaning'inia kama ya wasichana, wakazungumza mambo yao kwa sauti ambayo nyumbani hawakuitumia. Posa ngapi zilianzia pale! Mama alikaa anakula muhogo wake kwa utulivu, kumbe jicho liko kwa msichana wa familia ya tatu kutoka kwake, anamtazama anavyomhudumia bibi yake. Siku ya Idi, watoto wakishamaliza pesa zao Makadara kwenye pembea, mji mzima ulimiminika huku, na mambo yaliyokuwa yamefungwa mwaka mzima yakafunguka jioni moja.

KITAMBAA CHEUPE

Babangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alikuwa akiondoka miezi minane, tisa, pengine mwaka. Siku ya safari yeye na mamangu walikuwa na mapatano. Meli inayotoka Kilindini huelekeza ubavu wake wa kushoto upande wa Mama Ngina. Basi yeye husimama nyuma ya meli, upande wa kushoto, na kitambaa cheupe mkononi. Mamangu naye huwa ukutani na kitambaa chake. Hawakuwa watu wa kuagana kwa maneno mengi. Vitambaa vile ndivyo vilivyokuwa maneno yao.

Mwisho wa mwaka 1978, kaskazi imeanza kuvuma, meli yake ilitoka saa za alasiri. Tulitoka nyumbani kwa haraka. Njiani, tumekaribia kabisa, nilimuona muuza mihogo na makaa yake, nikasimama. Mamangu akanivuta. Nikalia. Nilikuwa na miaka saba na nililia kama mtoto wa miaka miwili, mpaka akaona haya mbele za watu, akatoa senti. Muhogo ulikuwa haujaiva. Tukangoja uive, ukapasuliwa, ukatiwa ndimu na pilipili.

Tulipofika ukutani meli ilikuwa imekwisha kuupita mnara. Tuliona nyuma yake tu, inakwenda. Kama palikuwa na kitambaa, hakikuonekana. Mamangu alikitoa chake hata hivyo, akakipunga mpaka meli ikawa kama kidole. Hakuniambia kitu. Nilikuwa na muhogo mkononi na sikuweza kuutia mdomoni.

Babangu hakurudi. Miezi michache baadaye ilikuja simu ya maandishi kuwa ameshikwa na maradhi safarini, amefariki katika bandari ya mbali, na amezikwa huko na Waislamu wenziwe. Mamangu alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, hatoki. Ilipokwisha, mtu wa kwanza kumwomba jambo alikuwa ni mjomba wangu, naye alimwambia, "Nipeleke Laithausi." Haikuwa Jumapili. Hapakuwa na watu. Alikaa pahala petu karibu na mbuyu wenye mlango, akasoma Fatiha, akatazama maji kwa muda mrefu, akasema twende.

Kaburi la babangu sijapata kuliona mpaka leo. La hasha, hatukuufanya ukuta ule kuwa mahali pa ibada. Lakini mwanadamu huhitaji pahala pa kumkumbukia maiti wake, na sisi hatukuwa na pengine. Mara nyingi baada ya hapo mamangu alikwenda, akakaa, akasoma, akarudi. Mimi nilikwenda naye, lakini muhogo wa Mama Ngina nilikuwa siuli. Wenzangu walinitania kuwa tumbo langu la Kizungu. Sikumwambia mtu sababu yake.

KAZI YA MWAKA 2019

Miaka ikapita. Katika miaka ya 1990 viwanja vingi vya umma vya Mombasa viliingia mikononi mwa watu binafsi, na ukingo huu nao uliandamwa na wenye kuutamani. Watu wa mji walipiga kelele, na haki yao walikuwa nayo, kwani ukingo wa bahari ukishajengewa ukuta wa mtu, haufunguki tena.

Kisha serikali ikaja na mpango wa kupatengeneza. Kazi iligharimu kiasi cha shilingi milioni 460, na tarehe 20 Oktoba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alipafungua rasmi, sherehe za Siku ya Mashujaa zikafanyika hapo hapo. Tuseme haki: pamependeza. Taa zipo, mabenchi yapo, njia za kutembelea zimesakafiwa, na uko ukumbi wa wazi wa maonyesho. Mwanamke aliye na mtoto anaweza kutembea usiku bila ya hofu, jambo ambalo zamani halikuwa. Mwenye kukataa kheri hii ni mwenye kijicho.

Lakini kazi ilipoanza, wauza mihogo na madafu ilibidi waondoke wapishe, na kwa mtu ambaye riziki yake ni ya siku kwa siku, kungoja mpaka sakafu ikauke ni kungoja kwingi.

Mwanzo wa mwaka 2020, kabla ya maradhi ya korona kutufungia majumbani, nilimpeleka mamangu kupaona. Alikuwa mtu mzima sana, anatembea kwa fimbo. Alitazama mabenchi, akatazama sakafu, akasema, "Wamefanya kazi ndema." Kisha akanyamaza, nikaona anatafuta kitu.

"Pahala petu ni wapi?" akaniuliza.

Nilitazama huku na huku nisipajue. Mibuyu ipo, lakini ukuta tuliouzoea haukuwa ule. Mamangu akajivuta mpaka ukingoni, akageuza uso kulia akaitazama Likoni, akaugeuza kushoto akautazama mnara, akasogea hatua tatu, nne, kisha akapiga fimbo chini.

"Papa hapa," akasema. "Wao wametengeza nti kavu. Bahari hawakuigusa."

Tukaketi. Kijana mmoja alikuwa akichoma mihogo karibu yetu, na ule moshi ukanijia usoni, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikajikuta namweleza mamangu habari za siku ile ya 1978 kama mwenye kukiri kosa kwa kadhi. Nilimwambia kuwa ni mimi niliyemchelewesha. Kwamba babangu alisimama na kitambaa chake akatazama ukuta, asimuone mtu.

Mamangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Meli haingoji mtu, mwanangu. Na babako alikuwa akikujua ulivyo. Akiona hatupo, atajua kuna mtoto analilia muhogo." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Nunua. Na mimi nitakula, ila pilipili kidogo, meno yenyewe sina."

Ndiyo siku nilipoula tena muhogo wa Mama Ngina.

TUNALOOMBA

Sasa, msomaji, nimekuhadithia ya nyumbani kwangu si kwa kuwa ni makubwa kuliko ya kwako. Nina hakika kila aliyekaa ukutani pale ana lake. Yuko aliyeposwa pale, yuko aliyeachwa pale, yuko aliyemuaga ndugu aliyekwenda Ghuba kutafuta maisha. Mji hauna daftari la kuyaandika mambo hayo. Daftari lake ni mahali penyewe.

Na sababu ya mahali hapa kukusanya mambo mengi hivyo ni moja tu: hapakuwa na mwenyewe. Baraza ya Kibokoni ilikuwa na mwenyewe, na uliketi kwa heshima yake. Kilabu kilikuwa na mwenyewe, na ulilipa. Ukutani tajiri aliketi na mchukuzi aliketi, mwanamume aliketi na mwanamke aliketi, na hakuna aliyeulizwa amefuata nini. Mjane aliyetaka kutazama maji saa nzima bila ya kununua kitu aliachwa ayatazame.

Kwa hivyo tunaloomba kwa wakubwa wa mji wetu si kubwa. Pambeni, tutashukuru. Pafagieni, tutasaidia. Lakini lisije likawekwa lango la kulipia mtu kupunga upepo wa Mungu. Mwenye makaa yake na mihogo yake apewe nafasi, kwani yeye naye ni sehemu ya mahali. Na mibuyu isiguswe, hata ule uliozeeka.

Na kwa wasomaji wangu nina ombi dogo zaidi. Jumapili hii, ikiwa una mzazi aliye hai, mchukue umpeleke. Muulize pahala penu ni wapi. Huenda akakuonyesha, na huenda na wewe una neno la kumwambia ambalo umelikalia siku nyingi.